Cairo kwa mpenzi wa udi na ganuni: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa watu wa taarab

Wadau, kila msimu wa sikukuu ukikaribia naulizwa swali moja, fulani anakwenda Cairo anataka udi, ile ala ya nyuzi yenye tumbo la mviringo, aanzie wapi. Naandika hapa kwa urefu ili mwenye safari asome mwenyewe. Kwa sisi tunaopiga taarab Cairo ndio chuo chetu cha mwanzo, Zanzibar inasimuliwa mpaka leo kwamba Sultani Barghash alimpeleka Mohamed Ibrahim huko akajifunze ganuni, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, na kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kilipokuja kuanzishwa mwaka 1905 macho yalikuwa Misri hiyohiyo. Fidla zikiingia kwa pamoja kwenye okestra yetu, unasikia kabisa zimetokea wapi. Kwa hiyo mtu wa udi kwenda Cairo akaishia kupiga picha na ngamia Giza kwa kweli mimi inaniuma.

Kanuni yangu ni moja tu na hatua zote zinaizunguka: sikio litangulie, pochi ifuate. Usinunue kitu siku ya kwanza.

Hatua ya 1: Panga siku zako vizuri

Visa ulizia ubalozi wa Misri mapema, usisubiri wiki ya safari. Weka siku tano kwenda juu. Wikiendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa asubuhi usitegemee duka, mji umelala mpaka watu watoke msikitini. Ramadhani ni raha kwa mtu anayetaka kusikia muziki usiku ila kwa manunuzi saa zinageuka zote, mafundi wanafungua alasiri na kuendelea baada ya futari. Ukiweza nenda kuanzia Oktoba mpaka Novemba, joto limepungua na ndio kipindi ambacho Jumba la Opera huwa na tamasha lake la kila mwaka la muziki wa Kiarabu.

Kulala, tafuta hoteli katikati ya mji karibu na stesheni ya metro ya Ataba au Mohamed Naguib. Metro ni rahisi na inakutoa kwenye foleni, na foleni ya Cairo jamani ya Kariakoo haioni ndani.

Hatua ya 2: Siku mbili za mwanzo ni za kusikiliza tu

Hapa ndipo wengi wanaparuka. Masikio yetu yamezoea udi uliopitia maikrofoni na spika za ukumbini, sasa mpaka usikie udi mkavu, ndani ya chumba cha mawe, mita mbili kutoka ulipokaa, hujui bado unatafuta sauti gani.

Nenda Bayt al-Oud, nyumba ya udi iliyoanzishwa na Naseer Shamma, yule mpigaji mkubwa wa Iraq. Iko ndani ya Bayt al-Harrawi, nyumba ya zamani nyuma ya msikiti wa Al-Azhar. Pale ni shule, wanafunzi wanapiga mazoezi, ingia kwa adabu, salimia, sema umetoka Zanzibar au Mombasa au Lamu na wewe ni mpigaji, omba kukaa pembeni usikilize. Ukiambiwa leo haiwezekani uliza siku gani. Na ukipewa nafasi usiongee, tazama mkono wa kulia wa yule anayepiga, risha, kile cha kukwanyulia nyuzi, anaishika vipi, anapiga karibu na tundu au karibu na daraja, maana udi uleule ukipigwa karibu na daraja unakuwa mkali na ukipigwa juu kidogo unalainika, na hilo usipolijua utaukataa udi mzuri dukani kwa kosa la mkono.

Usiku tafuta ratiba ya Opera. Jumba hili la sasa lilifunguliwa 1988 kule kisiwani Gezira, na ukumbi mkubwa mwanamume haingii bila koti na tai kwa hiyo beba. Ila okestra za muziki wa Kiarabu zinapiga pia kwenye kumbi nyingine za Opera, mojawapo ni Taasisi ya Muziki wa Kiarabu, mtaa wa Ramses, karibu na stesheni ya Nasser. Jengo hilo lina historia nzito. Mwaka 1932 mfalme Fuad aliita mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, wakaja mabingwa kutoka Iraq, Morocco, Tunisia, hata Bartók na Hindemith, watunzi wakubwa wa Ulaya, walikuwepo, wakabishana weee kama piano iingizwe kwenye muziki wa Kiarabu maana piano haina robo sauti, zile sauti zinazoangukia katikati ya vitufe vyake. Ukizitazama bendi zetu zilivyohama kwenye ganuni zikaenda kwenye kinanda cha umeme unaona ule ubishi haujaisha mpaka leo. Mimi niko upande wa ganuni na sifichi. Ndani ya jengo hilohilo kuna makumbusho ya Mohamed Abdel Wahab na ala za zamani, kaa nazo.

Kama ratiba inaruhusu ongeza Makan, ukumbi mdogo uko mtaa wa Saad Zaghloul. Kundi la Mazaher hupiga pale muziki wa zar, yaani wa kupunga pepo, mara nyingi Jumatano, lakini thibitisha kabla hujaenda. Utaona tanbura, ala ya nyuzi ya kukumbatia, na mangour, mshipi ulioshonewa kwato za mbuzi ambao mtu anaufunga kiunoni na kuutikisa. Aliyekulia pwani akajua ngoma za pepo hahitaji mkalimani, na ndugu zetu waliopo Oman na Kuwait tanbura wanaijua vizuri kwa sababu kule Ghuba inapigwa na watu wenye asili ya Afrika.

Hatua ya 3: Makumbusho, kwa haraka

Umm Kulthum ana makumbusho yake kisiwani Roda kwenye jumba la Manasterly, pembeni ya kile kipimo cha kale cha maji ya Nile. Miwani myeusi ipo, kitambaa kipo, magauni yapo. Wazee wetu waliokuwa wanazunguka redio Alhamisi ya kwanza ya mwezi kumsubiri, mtu akipita pale kwa niaba yao anafanya jambo jema.

Tarumbeta za Tutankhamun, moja ya fedha na nyingine ya shaba, zilipatikana kaburini kwake na mwaka 1939 zikapulizwa kwenye redio ya BBC. Vitu vyake vimehamishiwa lile Jumba Kuu jipya la Makumbusho karibu na mapiramidi, kwa hiyo hapo unaua ndege wawili, ukienda Giza pita.

Hatua ya 4: Sasa nenda mtaa wa Mohamed Ali

Shuka Ataba. Mtaa unaanzia pale uwanjani unakwenda mpaka chini ya ngome, kwenye msikiti wa Sultan Hassan. Ulikatwa karne ya 19 wakati wa Khedive Ismail na kwa miaka mingi ndio ulikuwa mtaa wa wanamuziki na wachezaji wa harusi. Siku hizi usishtuke, duka kwa duka ni fanicha, makochi na makabati, lakini katikati yake maduka ya ala bado yapo, tembea taratibu uangalie juu, utaona udi zimening'inizwa.

Zunguka mtaa mzima kwanza bila kununua. Kila duka omba udi mmoja wa bei ya chini na mmoja wa bei ya juu, piga kitu kilekile kila mahali, mimi huwa napiga taksim fupi, yaani kipande cha kubuni palepale, kwa maqam (mpangilio wa sauti) ya rast halafu ya bayati, basi. Uliza nani kautengeneza na karakana yake iko wapi, maana duka ni duka lakini fundi yuko nyuma, kwenye vichochoro, na ukimfikia fundi mwenyewe unaweza kumwambia nataka shingo iwe hivi na nyuzi ziwe chini kidogo akakufanyia. Fundi kule anaitwa usta, muite hivyo.

Khan el-Khalili nenda ukanywe chai. Zile udi ndogo zilizojaa nakshi ya lulu pale ni mapambo ya ukutani.

Hatua ya 5: Namna ya kukagua udi

Hapa nitachukua muda.

Kwanza unyanyue. Udi mzuri ni mwepesi mpaka unashangaa. Ukiwa mzito mbao zake ni nene, hautaongea.

Pili, ushike kama unalenga bunduki, jicho liwe upande wa vigingi, tazama shingo mpaka kwenye daraja. Inyooke. Ikiwa imeinuka mbele, yaani imevutwa na nyuzi, weka chini.

Tatu, tazama pale shingo inapokutana na tumbo, nafasi kati ya uzi na ubao iwe kama milimita tatu. Ikiwa tano vidole vitakufa.

Nne ni kipimo. Beba futi ya fundi cherehani, udi wa Kiarabu uzi wake kutoka kizingiti cha karibu na vigingi mpaka daraja ni kama sentimita 61, wa Kituruki ni mfupi, karibu 58 na nusu. Shingo iwe theluthi moja ya urefu huo, ndio maana ukibonyeza uzi wa do palepale shingo inapokutana na tumbo lazima upate sol kamili. Jaribu kila uzi, kila mmoja utoe sauti yake ya tano palepale. Kama sauti hiyo haipo pale, vipimo vimekosewa na hakuna marekebisho. Kwenye kufunga mafundi wengi wanafunga do, fa, la, re, sol, do kutoka chini kwenda juu, mwambie akufungie hivyo kabla hujapima.

Tano, gonga uso wa udi polepole kwa kifundo cha kidole, pole pole sehemu zote, ukisikia kitu kinatetemeka ndani ujue kuna ubao wa ndani umeachia gundi. Washa tochi ya simu uchungulie tunduni, utaona karatasi yenye jina la fundi na mwaka, na utaona pia kama gundi imemwagika ovyo. Halafu angalia daraja, limegundishwa usoni na linabeba mvuto wa nyuzi zote, nyuma yake uso usiwe umebonyea wala kuvimba sana. Mwisho zungusha vigingi vyote, viende laini na vishike.

Hatua ya 6: Ganuni na ngoma

Ganuni ya Misri huwa na nyuzi 78 hivi, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja limesimama juu ya ngozi ya samaki. Hiyo ngozi ndio roho yake na ndio tatizo letu, unyevu wa pwani unailegeza daraja likazama na sauti ikafa. Nunua ngozi za akiba, ufunguo wa kufungia, seti ya nyuzi, na zile pete mbili za vidole vya shahada na risha zake. Inua na ushushe kila kijiwenzo cha kushoto kinachobadilisha robo sauti, kimoja kikikwama kinakuharibia maqam nzima.

Rika, tari ndogo yenye vijingili, ya ngozi ya samaki ina sauti tamu lakini kwetu itakubidi uiote moto kila kabla ya shoo, wapigaji wengi wanaishia kuchukua ya plastiki na siwalaumu. Dumbaki ya aluminiamu inasafiri, ya udongo haisafiri.

Hatua ya 7: Bei

Rudi siku ya pili kwenye duka mbili ulizozipenda, sio siku ileile. Kunywa chai yao. Taja bei yako ukiwa na noti mkononi, na kama hashuki, badala ya kubishana sana omba akuongezee mfuko mgumu, nyuzi na risha, hapo wanalegea haraka. Dai risiti yenye jina la duka. Ala kuukuu yenye pembe ya ndovu au gamba la kasa usiiguse, itakamatwa mpakani, na kitu kilichozidi miaka 100 Misri wanaweza kukihesabu mali ya kale na hakitoki.

Hatua ya 8: Kuufikisha nyumbani

Legeza nyuzi, usizitoe zote. Jaza nguo chini ya kichwa kilichopinda na pale shingo inapoungana na tumbo, ndipo panapovunjika. Ongea na shirika la ndege kabla kuhusu kuubeba ndani.

Ukifika usiufungue palepale. Cairo ni kukavu na kwetu ni chepechepe, mbao zitakunywa maji, uso utavimba na nyuzi zitapanda. Uache ndani ya mfuko wake siku nzima na vile vipakti vya kunyonya unyevu, siku ya pili ufungue saa moja moja, ufunge nyuzi sauti mbili chini ya kawaida, ndio upandishe kidogo kidogo ndani ya wiki. Nyuzi zilizoviringishwa shaba zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, chumvi ya bahari inazila, na nunua seti zaidi ya moja ukiwa hukohuko maana kuzipata huku ni mpaka mtu mwingine asafiri.