Usilipie makala kabla hujabonyeza hapa
Jamani, ukikuta makala kali Google Scholar (ile Google ya kutafuta makala za kitaaluma) halafu ukiifungua inakudai hela, usilipe kwanza. Rudi kwenye matokeo, chini ya hiyo makala mara nyingi kuna linki ya matoleo yake mengine, bonyeza, unaweza kukuta mwandishi kashaweka PDF ya bure kwenye tovuti ya chuo chake we unahangaika na jarida tu. Ikigoma mwandikie mwenyewe imeili umuombe, wengine wanatuma fasta. Na hapohapo chini ya makala kwenye matokeo kuna idadi ya walioinukuu, hapo ndo penyewe sasa, ukibonyeza unaletewa tafiti zilizoitumia, yaani makala moja ya 2009 inakufikisha hadi za juzijuzi bila kuumiza kichwa kutafuta maneno mengine ya kusachi.