Namna ya Kuwaongoza Wanafunzi Kulinganisha Shule za Ufaransa na za Marekani

Mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda anayetaka wanafunzi wa kidato cha pili waandike insha ya ulinganishi kuhusu shule za Ufaransa na za Marekani asianze na kompyuta, bali aanze kwa kuuliza ni nani mwenye kauli ya mwisho. Ufaransa, mtaala hutoka wizara ya elimu mjini Paris na kufuatwa nchi nzima, jambo ambalo mtoto wetu atalielewa mara moja. Marekani, kila jimbo lina viwango vyake, na chini ya majimbo hayo kuna wilaya za shule zaidi ya 12,000. Kwa hiyo insha inayoanza kwa maneno "Shule zote za Marekani" irudishwe kwa mwenyewe.

Kisha madarasa yapangwe kwa umri, si kwa majina. Wafaransa huhesabu kurudi nyuma: mtoto wa miaka 11 huingia sixième, yaani darasa la sita, na mwaka unaofuata huwa wa tano. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kulifananisha darasa hilo la sita na kidato chetu cha sita, akajaza ukurasa mzima akistaajabu jinsi Wafaransa wanavyomaliza sekondari wangali wadogo. Tangu siku hiyo mimi huchora mstari wa umri ubaoni kwanza.

Katika teknolojia, simu ndiyo mlango mzuri, kwa kuwa mtoto wa bweni anajua vyema simu ikikamatwa huwa nini. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2018 inakataza simu katika shule za msingi na za kati, ilhali iliziachia shule za juu zijiwekee kanuni zao. Marekani haina sheria moja ya taifa zima kuhusu jambo hilo: Florida ilizuia simu wakati wa masomo mwaka 2023, na California ikaziagiza wilaya mwaka 2024 ziweke utaratibu wao. Kuhusu kompyuta, wilaya nyingi za Marekani humpa kila mwanafunzi Chromebook. Ufaransa vifaa hutegemea serikali za mitaa, kwani manispaa hushughulikia shule za msingi na mkoa shule za juu.

Hapa wape wanafunzi rula. Wachore daftari la Kifaransa la Seyès: miraba ya milimita 8, ndani yake mistari myembamba iliyoachana milimita 2, ambamo herufi "l" hupanda nafasi tatu na "d" mbili tu. Atakayejaribu kuandika jina lake humo ataona mwandiko ulivyo somo zito kule, hata kama kompyuta ipo mezani.

Alama wasizibadilishe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Kwa hesabu ni sawa, lakini kwa uzito 12 kati ya 20 ya Mfaransa si asilimia 60 ya Mmarekani. Insha ikirefuka mno, kinachostahili kupunguzwa kwa kawaida ni aya ya sare, ambayo wanafunzi wetu huipenda kupita kiasi.