Somo: Kuufuata ujumbe ndani ya seli B, na kazi ya kinasi BTK

BTK ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. Hufanya kazi ndani ya seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Haieleweki kwa kukariri. Chukua karatasi na kalamu, uchore huku ukisoma.

Hatua ya kwanza, chora utando wa seli B na vipokezi vimechomoza nje. Antijeni (kitu kigeni, kama kipande cha kijidudu) ikivinasa vipokezi kadhaa pamoja, kinasi iitwayo Lyn huibandikia fosfeti mikia ya ndani ya vipokezi hivyo. Kinasi ya pili, Syk, huja na kushikamana nayo.

Hatua ya pili ndiyo moyo wa somo. BTK ilikuwa ikielea tu katikati ya seli. Kimeng'enya PI3K kikitengeneza PIP3, aina ya mafuta ya utando, BTK huinasa kwa ncha yake moja na hivyo kuvutwa utandoni. Hapo hubandikwa fosfeti kwenye tairosini (aina ya asidi amino, tofali la protini) iliyo nafasi ya 551, kisha hujibandika nyingine yenyewe kwenye ya 223. Wengi hudhani BTK hubeba ujumbe kama tarishi. Hapana, haibebi kitu! Hutoa fosfeti kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Fosfeti ina chaji hasi, na chaji hiyo hubadili mkao wa protini iliyobandikwa.

Hatua ya tatu: inayobandikwa ni PLC-gama-2. Ikiamka hukata mafuta ya PIP2 vipande viwili. Kimoja hufungulia akiba ya kalsiamu, kingine huamsha kinasi C. Mwishowe protini NFAT na NF-kB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni.

Sasa ifute BTK kwenye mchoro wako. Ujumbe hukatika, na matokeo yake ni ugonjwa wa kukosa kingamwili. Mwaka 1952 daktari Ogden Bruton wa Marekani alieleza habari za mvulana wa miaka 8 aliyeugua maambukizi mfululizo, na damu yake haikuwa na gamaglobulini, sehemu ya damu yenye kingamwili. Jeni ya BTK, ambayo kasoro yake ndiyo chanzo, ilitambuliwa mwaka 1993. Seli B za watoto wa namna hii hukwama kwenye uboho kabla ya kukomaa.

Maswali

*Mwalimu, mbona ugonjwa huu huwapata wavulana?*
Jeni ya BTK iko kwenye kromosomu X. Mvulana anayo moja tu, hana ya akiba.

*Na mbona miezi ya mwanzo mtoto huwa salama?*
Analindwa na kingamwili za mama zilizopita kwenye kondo. Zikipungua, karibu na miezi sita, maambukizi huanza.

*Seli T je?*
Hizo ni chembe nyeupe za kundi jingine, na zinatumia ndugu ya BTK, iitwayo ITK. Ndiyo maana kwa watoto hawa hubaki nzima.

*Kama ni muhimu hivyo, kwa nini kuna dawa za kuizuia?*
Swali zuri sana. Baadhi ya saratani za seli B huishi kwa kutegemea ujumbe huu huu. Ibrutinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hujifunga bila kuachia kwenye sisteini (asidi amino nyingine) ya 481 ya BTK. Gharama yake ni maambukizi, pia kutokwa damu, kwa kuwa chembe sahani, zinazogandisha damu, nazo hutumia BTK. Na saratani ikibadili sisteini hiyo kuwa serini, dawa hukosa pa kujifunga.