Mapambo ya sikukuu yasiyodondoka: katani, kitenge, vifuu na asumini

Selotepu haiiwezi Tanga. Bandika vibendera vya karatasi ukutani saa kumi jioni, na alfajiri ya Idi utavikuta sakafuni vimejikunja. Tatizo si selotepu mbovu. Usiku unyevu wa bahari hupanda, karatasi hulegea, na ukuta wa chokaa hutoa vumbi ambalo gundi haishiki. Kwa hiyo mapambo ya huku yafungwe au yashonwe. Yasibandikwe. Vitu vya kufungia na kushonea havitupigi chenga: katani, mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani, vifuu vya jikoni na asumini za uani.

Vishada vya katani

Mkonge ulianza kupandwa mwaka 1893 Kikogwe, karibu na Pangani, na tangu hapo katani haijawa kitu cha kigeni mkoani kwetu. Tafuta singa ndefu zilizokwishapigwa brashi. Zile fupi zilizobaki kwenye mashine ni rahisi zaidi, lakini hazifai kwa kazi hii, maana kishada kitapukutika juu ya sahani za pilau. Robo kilo inatosha vishada 15, na vishada 15 vinatosha kamba ya mita 4.

Ukitaka rangi, anza siku tatu kabla. Usiku wa kwanza loweka katani kwenye maji ya sabuni ili utomvu mkavu na vumbi vitoke. Ukiruka hatua hii rangi itashika mabaka mabaka. Asubuhi suuza. Chemsha lita 5 za maji kwenye sufuria chakavu ambayo haitarudi tena kupikia, tia kijiko kimoja cha chakula cha rangi ya unga, ile wanayotumia wasuka mikeka kwa ukindu, koroga, kisha zamisha katani. Ichemke taratibu kwa nusu saa ukiigeuza kwa kijiti, halafu iache ipoe humo humo. Suuza hadi maji yatoke meupe, anika kivulini.

Kabla ya kuitundika, chukua kitambaa cheupe kibichi uifute. Kikichafuka, suuza tena, la sivyo mgeni aliyevaa kanzu ataondoka na rangi yako begani. Manjano ya jikoni nayo hutoa rangi nzuri ya dhahabu, ila jua huila ndani ya siku chache. Kwa sherehe ya usiku mmoja inafaa sana.

Kata singa urefu wa sentimita 30. Shika fungu la unene wa kidole gumba, lilaze juu ya kamba ligawanyike nusu kwa nusu, likunje, kisha funga kwa uzi sentimita 3 chini ya kamba. Zungusha uzi mara sita au saba, kila mzunguko ukikaza, umalizie kwa fundo mara mbili. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Uzi ukilegea, vishada vyote vitateleza na kurundikana katikati ya kamba. Wenye wasiwasi hupiga fundo kwenye kamba yenyewe kila upande wa kishada, na hawakosei. Acha sentimita 25 kati ya kishada na kishada. Vikishaning'inia, vichane kwa kitana cha zamani, ndipo ukate ncha zilingane. Ukizilinganisha kabla ya kuchana utarudia kazi.

Kamba yenyewe ikiwa ya katani, usiivute ikaze kama waya wa umeme. Kamba ya katani ikilowa hujikaza. Mvua ya vuli ikipiga itang'oa misumari. Iache ibonyee katikati kiasi cha kiganja kwa kila mita 3.

Jambo jingine lisilo na mzaha: katani kavu hushika moto haraka. Isikae karibu na kibatari, mshumaa wala jiko la mchoma mishikaki.

Vibendera vya kitenge

Karatasi ni ya ndani, tena ya siku moja. Uani, upepo wa kusi ukivuma, kinachodumu ni kitambaa. Mafundi cherehani wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, huwa na viroba vya mabaki. Omba vipande vyenye upana usiopungua sentimita 22.

Tatizo la kitenge ni nyuzi kuchomoka pembeni ukishakikata. Dawa yake ni wanga, na hupakwa kabla ya kukata. Koroga vijiko 3 vya unga wa muhogo kwenye nusu kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Chemsha vikombe 4 vya maji, mimina mchanganyiko ule polepole huku ukikoroga, endelea kwa dakika tatu hadi uji uache weupe na kuanza kupitisha mwanga. Unga wa ngano unafaa pia, ila huacha ukungu mweupe juu ya rangi za giza. Wako wanaotia chumvi ili uji usivunde. Huku pwani tusifanye hivyo, kwani chumvi huvuta unyevu na kitambaa kitakuwa tepetepe kila jioni. Pika unaotosha siku hiyo, utakaobaki mwaga.

Chovya vitambaa uji ukiwa vuguvugu, kamua, anika, piga pasi vikiwa na unyevu kidogo. Vikikauka kabisa pasi haitanyoosha makunyanzi.

Sasa kata pembetatu zenye kitako cha sentimita 15 na urefu wa 22, ukizipishana moja juu moja chini. Ukanda wa mita moja utakupa 12 hivyo. Ukizikata zote zikielekea upande mmoja utapata 6 na rundo la vipande visivyo na kazi. Kunja sentimita 2 za juu, pitisha kamba ndani ya mkunjo, shona kwa mkono mishono mirefu. Baada ya kukunja, upande wa juu hubaki kama sentimita 14. Ukiacha 6 kati ya bendera na bendera, mita 4 hubeba bendera 20. Kamba iwe ya mita 5, ili upate nusu mita ya kufungia kila mwisho.

Wanga huyeyuka kwa mvua. Kukiwa na mawingu, vitundikwe barazani.

Taa ya kifuu

Omba nazi ipasuliwe katikati, kati ya macho na ncha, si kwa urefu. Gonga kwa mgongo wa panga ukiizungusha nazi mkononi. Itaachia yenyewe kwenye mstari. Baada ya kukunwa kwenye mbuzi, kifuu hubaki na ngozi ya nazi ndani, na hiyo ndiyo inayoita sisimizi na kunuka siku ya tatu. Kiloweke usiku mmoja, kikwangue kwa kijiko, kianike.

Nje ondoa nyuzi za makumbi kwa kigae cha chupa, mkono ukiwa umefungwa kitambaa, kisha msasa namba 80, umalizie na 220. Mafuta ya nazi hukipa mng'ao mzuri wa kahawia, lakini hayakauki, hivyo vumbi hunata. Paka kidogo, futa sana. Vanishi ni bora kwa kitakachotunzwa. Ipakwe nje tu.

Kifuu hakikai mezani, kinayumba. Sokota mabaki ya katani uyazungushe yawe kata ndogo, ile ya kubebea ndoo kichwani, uwazi wa katikati sentimita 5. (Kata ya kuchotea maji mtungini nayo ni kifuu, lugha haikuona shida.) Weka kifuu juu yake, tia mchanga kina cha sentimita 3. Mchanga wa ufukweni uoshe kwa maji baridi mara mbili na kuuanika juani kwanza, kwani ule wenye chumvi hubaki mbichi.

Mshumaa wa sentimita 8 usimamishe katikati kabisa, sentimita 2 ziwe ndani ya mchanga. Ukate kwa kisu kilichopashwa moto. Kisu baridi huupasua. Mwali unatakiwa uwe juu ya ukingo wa kifuu. Ukishuka hadi usawa wa ukingo, zima. Kila anayewasha jiko la mkaa anajua kifuu kinavyowaka, na meza yako haihitaji jiko.

Asumini, mwisho kabisa

Hii haifanywi mapema. Chuma matumba kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, yale meupe yaliyojaa lakini hayajafumbuka. Ya kijani yatakufa yamefumba, na yaliyokwisha kufunguka yatakuwa ya njano kabla ya chakula cha usiku. Koja la kuvaa shingoni hesabu matumba 100, na kidogo ya akiba.

Tumia sindano nyembamba na uzi wa pamba uliokunjwa mara mbili. Uzi wa nailoni hukata vikonyo. Toboa kwenye kikonyo chini ya tumba, usitoboe tumba lenyewe. Palipotobolewa hugeuka kahawia. Usiyabane sana, yakichanua yatahitaji nafasi. Koja likimalizika lifunge kwenye jani la mgomba au kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Maji yanayodondoka huyaozesha.

Kwa harusi ya usiku, tunga alasiri ile ile na yatachanua bibi harusi akiwa ukumbini. Kwa asubuhi ya Idi, yalaze kwenye friji, mbali na barafu, ili kuchanua kuchelewe. Matumba yanayobaki yafunge vikuba, yaani vifungu vidogo vya maua ya kunukia vya kubana nguoni, pamoja na mrehani na kipande cha mkadi, kila kimoja na pini yake, uviweke kwenye sahani mlangoni wageni wachukue.

Sherehe ikiisha, fua vibendera kabla ya kuviweka, kwani wanga huita mende na panya. Vishada vichane, uvizungushie gazeti na kuvitundika pakavu. Kwenye mfuko wa plastiki vitaota ukungu.