Chopsi za nguruwe zisikauke

Chagua chopsi nene, sentimita 2.5 hadi 3, zenye mfupa. Zile nyembamba huiva hadi ndani kabla uso haujapata rangi, na ukiendelea kusubiri rangi zinakauka.

Koroga gramu 50 za chumvi katika lita 1 ya maji baridi, zamisha nyama humo, uiweke kwenye friji kwa saa 1 hadi 2. Chumvi huifanya nyama ishike maji yake inapopikwa. Usizilaze humo usiku kucha. Zitakuwa na chumvi kupita kiasi.

Zitoe, uzifute hadi zikauke kabisa, maana uso wenye maji huchemka badala ya kukaangika. Chanja ukingo wa mafuta mara 2 au 3, la sivyo zitajikunja. Kaanga kwenye kikaango cha moto, mafuta kidogo, dakika 3 au 4 kila upande, kisha punguza moto ziendelee kuiva.

Kipimajoto ni bora kuliko macho: epua pale katikati ya nyama inapofika nyuzi 63 za Selsiasi, ukipima mbali na mfupa. Uwaridi kidogo ndani si ubichi. Subiri dakika 5 ndipo ukate.