Akiba ya dharura isimezwe na nyumba ya kwanza: hatua tulizofuata hapa Dodoma

Mwezi uliopita nilikaa na mdogo wangu wa kazini tukipiga hesabu ya nyumba yake ya kwanza, Nkuhungu. Alikuwa na akiba ya milioni 16 na mkopo wa milioni 30 uliokwisha kupitishwa. Muuzaji alitaka milioni 45. "Dada, inatosha na chenji inabaki," akaniambia. Nilimwomba asisaini kwanza. Niliponunua yangu nilitoa karibu kila nilichokuwa nacho, na mvua za Desemba zikanikuta bati linavuja na sina hela ya fundi.

Hatua ya 1: Mwezi wako unakula kiasi gani?
Andika rejesho la mkopo, chakula, nauli, ada, umeme na maji. Kodi ya pango iache, unaagana nayo. Yake ilifika milioni 1.1. Kwa ajira ya mkataba kama yake sikubali chini ya miezi minne: milioni 4.4.

Hatua ya 2: Itoe hiyo kwanza, ndipo utafute bei
Katika milioni 46 tukatoa 4.4, kisha 1.2 ya ushuru wa stempu (asilimia 1 ya bei), mwanasheria, upekuzi wa hati na gari la kuhamia. Ikabaki 40.4, na hiyo ndiyo ikawa bei yake ya mwisho. Dalali alinuna. Baada ya siku tisa muuzaji akashuka hadi 40.

Hatua ya 3: Pa kuiweka
Hapa soma polepole. Akiba yangu iliyobaki ilikuwa SACCOS (chama cha akiba na mikopo), nami nilijua ni yangu. Siku ya shida nikaambiwa haitoki: ni dhamana ya mkopo wangu, na pia nilikuwa nimemdhamini mwenzangu ambaye marejesho yake yalikuwa yamesimama. Hisa nazo hazitolewi, labda upate mwanachama wa kuzichukua. Nilizunguka siku mbili nzima, mtoto anaumwa. Kwa hiyo kabla hujaiita akiba ya dharura, uliza: naweza kuitoa yote kesho, hata nikiwa na mkopo, hata nikiwa mdhamini?

Benki iliyokukopesha pia usiiweke huko, kwa sababu ukichelewa rejesho inaweza kujikata humo humo. Akaunti ya muda maalumu ukiivunja mapema unapoteza riba. Kuna wanaonunua saruji na kuiweka stoo wakiita akiba. Saruji inaganda, na hospitali hawaipokei. Kwenye simu weka ya usiku mmoja tu wa dharura, kwa maana hela ya simu huisha bila kuaga.

Mimi napenda Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Ila ukiomba fedha inachukua siku chache za kazi kukufikia, haifai kwa saa nane ya usiku. Ndiyo maana tuligawa: milioni 1 kwenye akaunti ya kawaida ya benki nyingine, 3.4 kwenye mfuko.

Hatua ya 4: Unachokijua si dharura
Maji ya mgao unayajua, basi simtanki ina bajeti yake. Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Nyumba iliyojengwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi inaweza kupasuka kuta, maana udongo huo huvimba masika na kusinyaa kiangazi. Nyufa ukiziona, zipunguze kwenye bei.

Hatua ya 5: Ukiigusa, irudishe
Kabla ya rangi, kabla ya uzio. Yeye alihamia Jumamosi, na tayari shimo la choo limemla laki tatu. Geti limesogezwa hadi laki tatu hizo zirudi.