Namna ya kumpata Boileau unayemtaka kwenye katalogi

Andika "Boileau" peke yake kwenye Gallica, hazina ya mtandaoni ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, uone utakavyoletewa ukoo mzima. Wengi wanamtaka Nicolas, mshairi na mhakiki wa Paris (1636–1711), mwenye L'Art poétique, shairi refu kuhusu kanuni za ushairi. Mimi humtafuta hivi.

1. Weka mipaka ya miaka kwanza, tuseme 1660 hadi 1720. Hapo unamwondoa Étienne Boileau wa karne ya 13, wa Livre des métiers (kitabu cha kanuni za mafundi wa Paris), na Pierre Boileau wa karne ya 20, mwandishi wa riwaya za upelelezi.

2. Tafuta kwa "Boileau-Despréaux", kisha "Despréaux" tupu. Usiiruke hii. Enzi zake aliitwa zaidi Despréaux, maana nyumbani kwao kulikuwa na Boileau wengine wenye kalamu: kaka yake Jacques alikuwa mwanatheolojia, na kaka mwingine, Gilles, aliingia Académie française, baraza la lugha ya Kifaransa, mwaka 1659, miaka 25 kabla ya Nicolas. Ukikuta "Boileau" tu kwenye andiko la kabla ya 1669, mwaka aliofariki Gilles, usikimbilie kusema ni mshairi wetu.

3. Tazama ukurasa wa jina la kitabu kwa macho yako. Satires (mashairi yake ya kejeli) za 1666 zimeandikwa "du Sieur D***", yaani "za Bwana D***", herufi moja na nyota tatu, basi. Œuvres diverses za 1674, ambamo ndimo L'Art poétique ilimotoka, ni vilevile. Jina lake kamili lilikuja kuwekwa kwenye toleo la 1701. Kwa hiyo ukiona nyota hizo usijaze "mwandishi hajulikani". Nimeliona kosa hilo kwenye orodha za watu wanaojiita wataalamu.

4. Ukitafuta ndani ya matini yaliyosomwa na kompyuta, jaribu pia "Defpreaux". Wachapaji wa zamani walitumia s ndefu, ambayo mashine huidhania f. Alama ya juu ya e nayo mara nyingi hupotea, hivyo iache.

5. Ukishampata, mworodheshe kwenye herufi B ya orodha yako: Boileau, Nicolas, pamoja na miaka yake. Kwenye D weka mstari mmoja tu: "Despréaux, tazama Boileau". Anayesoma barua za karne ya 17 ataanzia huko.